Kenda Karibu na Kumi: Uhakiki wa Somo la Idadi na Uainishaji katika Madarasa ya Mpakani

Utangulizi

Miongoni mwa mada ambazo sisi walimu wa Kiswahili huzipita haraka ni mada ya idadi. Vitabu vingi vya kiada huiweka mwanzoni kabisa, mara tu baada ya maamkizi. Mwalimu huandika ubaoni moja hadi kumi, wanafunzi hurudia kwa sauti, kisha huulizwa mmojammoja, na somo huhesabiwa kuwa limekwisha. Juma linalofuata darasa huhamia siku za wiki. Ngeli huja baadaye sana, kama somo jingine lisilohusiana na lile la kwanza.

Katika makala haya tunauhakiki mpangilio huo. Hoja yetu ni kwamba kuhesabu kwa Kiswahili hakuishii katika kukariri majina ya nambari. Kila anayehesabu huwa ameamua kwanza kitu anachokihesabu ni cha kundi gani. Idadi na uainishaji ni somo moja. Mwalimu anayeyatenganisha huwapa wanafunzi orodha isiyo na kazi, na pia huwahukumu vibaya wale waliokuja darasani na hesabu yao kutoka nyumbani.

Mahali tunapopatumia kama mfano ni Oraba, kituo cha mpakani katika wilaya ya Koboko, ambayo ilimegwa kutoka Arua mwaka 2005. Wasomaji wetu wa Dar es Salaam na Nairobi huenda wasiizoee Oraba kama mahali pa kuzungumzia sarufi ya Kiswahili. Tunaamini mwishoni mwa makala watakubali kwamba panafaa.

Oraba na hesabu zake

Oraba inatazamana na Kaya, upande wa Sudan Kusini. Barabara inayoanzia Vurra, kwenye mpaka wa Kongo, hupita Arua na Koboko hadi kuishia hapo. Kwa hiyo mtu anayesafiri siku moja tu katika barabara hiyo huanzia kwa jirani mmoja na kumalizia kwa jirani mwingine. Wenyeji wa Koboko wengi wao ni Wakakwa, na Kikakwa ni cha jamii ya Kibari, lugha ya Kinailoti. Arua ni mji wa Walugbara, na Kilugbara ni lugha ya Kisudani ya Kati. Wapo pia Wanubi, ambao lugha yao ni krioli yenye asili ya Kiarabu. Kutoka Kaya huja Kiarabu cha Juba. Kutoka Ariwara na Bunia huja Kiswahili cha Kongo, ambacho wengine hukiita Kingwana, pamoja na Kilingala. Kiswahili kingine kiliingia eneo hili kupitia jeshi, tangu enzi za King's African Rifles.

Mkusanyiko huu una maana kubwa kwa somo letu, kwa sababu kila lugha kati ya hizo ina namna yake ya kuhesabu na kupanga vitu. Kilugbara hakina ngeli kama za Kibantu. Nambari hufuata nomino, kama ilivyo katika Kiswahili, lakini haibadiliki umbo kwa sababu ya nomino hiyo. Lugha za jamii ya Kibari zina jinsia ya kiume na ya kike katika nomino zake, jambo ambalo Kiswahili hakina. Kinubi nacho kina nambari za Kiarabu. Hivyo mwanafunzi wa Oraba anayesema "mbuzi mbili" badala ya "mbuzi wawili" si mvivu, wala hana dharau kwa lugha. Ameihamishia Kiswahili kanuni ya lugha ya mama, na nomino "mbuzi" yenyewe haimpi dalili yoyote kwamba imo katika kundi la viumbe.

Umuhimu wa suala hili umeongezeka. Marekebisho ya Katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi kufuatana na uamuzi wa Jumuiya, na kupendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Kwa mtoto wengi, basi, somo la kwanza la Kiswahili litakuwa ni lile la moja hadi kumi. Hatuna budi kuuliza linafundishwaje.

Kenda si kosa

Tuanze na nambari 9. Mwanafunzi aliyekulia upande wa Kongo, au aliyezoea soko la Ariwara, huweza kuja darasani akisema "kenda". Kwa 20 atasema "makumi mbili", na kwa 30 "makumi tatu". Tumeona madaftari ambamo maneno hayo yote yamepigwa alama ya kosa kwa wino mwekundu, bila maelezo, na pembeni yameandikwa "tisa", "ishirini", "thelathini".

Neno "kenda" ni Kiswahili. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inalo. Methali yetu husema kenda karibu na kumi, wala haikutungwa Kongo. Tena "kenda" ni Kibantu halisi: Wakikuyu husema "kenda", na Waganda husema "mwenda". Neno lililokopwa, kutoka Kiarabu, ni hilo "tisa" tunalolitetea kwa wino mwekundu. Kadhalika "sita", "saba", "ishirini", "thelathini" na makumi mengine hadi "tisini" ni mikopo. Hatusemi kwamba mikopo hiyo ni mibaya. Ni sehemu ya Kiswahili kwa karne nyingi na hakuna anayetaka kuiondoa. Tunasema tu kwamba mwalimu anayeliita "kenda" kosa anamweleza mwanafunzi jambo lisilo kweli kuhusu lugha.

Pwani nako kumehifadhi maneno ambayo darasa haliyataji. Wazee bado husema "thenashara" kwa kumi na mbili, hasa katika kutaja saa. Neno "fungate", yaani siku saba za harusi, limebeba nambari ya zamani ya Kibantu iliyosukumwa pembeni na "saba". Mtu wa Mombasa akisema "thenashara" tunasema ana Kiswahili cha ndani. Mtu wa Ariwara akisema "kenda" tunasema amekosea. Kipimo ni kimoja, bali sisi ndio tunaotumia mizani miwili.

Hata hivyo, "makumi mbili" inahitaji kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa kuwa ndani yake mna mambo mawili. Kuunda ishirini kwa "makumi" ni utaratibu wa Kibantu usio na dosari. Lakini "makumi" ni wingi wa ngeli ya LI-YA, na Kiswahili sanifu kingetaka "makumi mawili". Kwa hiyo msamiati ni halali na upatanisho si sanifu. Mwalimu anayepiga alama moja ya kosa juu ya yote mawili hajamfundisha mwanafunzi lolote. Tunapendekeza visanduku vitatu: neno la eneo au la zamani, ambalo mwanafunzi ataambiwa ni sahihi ila katika mtihani litumike la sanifu, kasoro ya upatanisho, ambayo itarekebishwa, na kosa hasa, kama vile "mtoto wa mbili" badala ya "mtoto wa pili", au "kumi na mbili watu" badala ya "watu kumi na wawili".

Nambari zipi hubeba viambishi?

Hapa ndipo tunapoona udhaifu mkubwa wa orodha ya moja hadi kumi. Orodha hiyo huzipanga nambari kana kwamba zote ni za namna moja, ilhali sarufi huzigawa mafungu mawili. Moja, mbili, tatu, nne, tano na nane hupatana na nomino: mtu mmoja, watu wawili, vikombe vitatu, magunia manne, miti mitano, watoto wanane. Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki: watu sita, vikombe sita, magunia sita.

Mwanafunzi huambiwa akariri mgawanyo huu. Laiti angeelezwa sababu, asingehitaji kuukariri. Zinazobeba viambishi ni za Kibantu. Sita, saba na tisa zilikuja kutoka Kiarabu, na zilibaki na umbo lake. Kumi ni ya Kibantu lakini ina tabia ya nomino, ndiyo maana hupata wingi wake "makumi". Katika idadi kubwa, kiambishi hukaa kwenye tarakimu ya mwisho tu: vitabu ishirini na vitatu, watu mia moja na wanne.

Kwa mwalimu wa Oraba au Arua maelezo haya ni hazina. Katika darasa lake huenda yumo mtoto wa Kinubi, ambaye nyumbani husema "sita", "saba" na "tisa" vilevile. Mwalimu aanze naye. Nambari tatu ambazo mtoto huyo tayari anazijua ndizo hasa zisizobadilika. Mtoto anayesema "kenda" naye ana ushahidi wa tabaka la Kibantu. Kwa hiyo darasa lenye watoto hao wawili lina historia ya Kiswahili ndani yake, na mwalimu asiyeitumia anapoteza nyenzo isiyomgharimu hata chaki.

Elfu mia moja na tano

Huenda msomaji akauliza: kama tunakubali "kenda", kwa nini tusikubali na "watu mbili"? Si maana inaeleweka? Tunajibu kwamba mara nyingi inaeleweka, lakini si kila mara, na mfano mzuri unapatikana katika idadi kubwa ambazo vitabu vya kiada havizigusi.

Chukua maneno "elfu mia moja na tano". Je, ni 105,000 au ni 100,005? Yakisimama peke yake, yanaweza kuwa yoyote kati ya hizo mbili. Sasa yaweke pamoja na nomino. "Wakimbizi elfu mia moja na tano" ni 105,000, kwa sababu "tano" haina kiambishi cha watu: inahesabu elfu. "Wakimbizi elfu mia moja na watano" ni 100,005, kwa sababu "watano" inahesabu watu. Herufi mbili tu, wa-, zimebeba tofauti ya watu 4,995. Magunia nayo ni vivyo hivyo: "magunia elfu mia moja na matano" si sawa na "magunia elfu mia moja na tano".

Mzungumzaji aliyezoea kusema "watu tano" hana chombo hicho. Kwake sentensi zote mbili zinafanana. Hapo ndipo tunapotetea upatanisho, tena bila kuutaja usafi wa lugha hata kidogo. Eneo la West Nile limepokea wakimbizi kwa wingi. Makazi ya Bidibidi huko Yumbe yalifunguliwa mwaka 2016, na Koboko yenyewe ina makazi ya Lobule. Mahali ambapo watu na mgao wao wa chakula huhesabiwa kila mara, kiambishi cha idadi si pambo.

Katika fedha upatanisho hautusaidii, kwa kuwa "shilingi" ni ya ngeli ya I-ZI na "tano" hubaki "tano". Na Uganda ni nchi ambayo bei za kawaida huingia katika maelfu na malaki. Noti yake kubwa ni ya shilingi 50,000. Dawa yake ipo katika kamusi, nayo ni neno "laki". "Laki moja na elfu tano" haina utata. "Laki moja na nusu" ni 150,000 bila ubishi. Neno hili husikika sana Tanzania, lakini katika madarasa mengi ya Uganda halitajwi, na mwanafunzi huachiwa "elfu mia moja na hamsini", aitafsiri mwenyewe.

Fungu, debe na gunia

Kasoro nyingine ya somo la idadi ni kuhesabu vitu vinavyohesabika tu: vitabu, kalamu, viti. Lakini sokoni vitu vingi havihesabiki hadi vitiwe katika kipimo. Unga, chumvi, mafuta, maharage na dagaa huhitaji kwanza neno la kuvigawa: kikombe, kopo, beseni, debe, gunia, jerikeni, fungu, kilo. Viatu huenda kwa jozi au pea, mayai kwa trei, kuni kwa mzigo au tita, ndizi kwa mkungu na kichane. Vitenge vinavyotoka upande wa Kongo huuzwa kwa yadi na vipande, na kanga za pwani huuzwa kwa doti, yaani mbili mbili. Pwani pia boriti za mikoko huhesabiwa kwa korija, na korija moja ni ishirini. Kibaba na pishi, ambapo pishi ni vibaba vinne, vimebaki zaidi katika methali: haba na haba hujaza kibaba.

Maneno haya yana siri ambayo mwalimu wa mpakani anapaswa kuipenda. Kipimo kikitajwa, upatanisho hufuata kipimo, haufuati kilichopimwa. Samaki watatu, lakini mafungu matatu ya samaki. Unga hauhesabiki, lakini vikombe viwili vya unga vinahesabika. Mwanafunzi anayesumbuliwa na swali la samaki, mihogo na unga viko katika ngeli gani anaweza kuanza na vipimo vichache tu: kikombe na kipande kwa KI-VI, gunia na fungu kwa LI-YA, mzigo na mkungu kwa U-I, kilo na trei kwa I-ZI. Kwa maneno hayo manane anaweza kununua na kuuza karibu kila kitu kwa upatanisho ulio sahihi, huku akiwa amefanya mazoezi ya ngeli nne bila kusikia jina la ngeli hata moja.

Pia sokoni kuna mpangilio wa maneno ambao vitabu huusahau. Tunafundisha "kilo mbili za sukari", nao ni sahihi. Lakini mnunuzi husema "nipe sukari kilo mbili", na orodha ya mahitaji huandikwa hivyo hivyo: kitu kwanza, kipimo, kisha idadi. Muuzaji naye hupaza sauti "mia tano mia tano", na urudufu huo humaanisha kila fungu kwa bei hiyo. "Ingieni wawili wawili" ni kanuni ileile. Hakuna sababu ya matumizi haya kubaki nje ya darasa.

Kuorodhesha si kuainisha

Tugeukie upande wa maswali ya mitihani. Wanafunzi wengi hupoteza alama kwa kutotofautisha amri tatu: hesabu, orodhesha, ainisha. Wakiambiwa waainishe nomino kumi, huziandika zote kwa mstari mmoja, yaani wameorodhesha. Lawama si yao pekee. Sisi wenyewe huyatumia maneno hayo kwa kubadilishana, na kwenye karatasi moja utakuta "taja aina" na "ainisha" kwa maana ileile.

Mfano wa mpakani unaweza kuwasaidia. Mzigo unapofika forodhani, huulizwa maswali matatu. Kuna nini? Jibu ni orodha. Vingapi? Jibu ni idadi. Ni vya aina gani? Jibu ni uainishaji, na ndilo linaloamua ushuru. Mwanafunzi akichora safu tatu katika daftari na kuujaza mzigo wa lori moja la kubuni, hatasahau tena tofauti hiyo.

Yafaa pia kuwaonyesha kwamba maneno ya kuainisha yana historia ya mikono. "Kuchambua" ni kutoa takataka katika pamba au mboga kabla ya kuwa uchambuzi wa riwaya. "Kubagua" ni kutenga kitu na kitu, kabla ubaguzi haujawa jina la dhuluma. Neno "ngeli" lenyewe wanasarufi hulihusisha na Kihaya, kwa maana ya aina, na msomaji wa Uganda atalitambua katika "engeri" ya Kiganda, yaani namna. Tunapowatajia wanafunzi ngeli kwa nambari, kufuata utaratibu wa Bleek na Meinhof, kisha mwaka wa pili kwa A-WA na KI-VI, bila kuwaambia kwamba ni njia mbili za kupanga vitu vilevile, tunawafanya waamini kwamba kuna ngeli nyingi kuliko zilizopo.

Na uainishaji una adabu yake. Kipofu na kiziwi wana umbo la KI-VI, lakini sarufi husema "vipofu wawili wamefika", kwa kuwa ni watu. Utingo anayehesabu abiria kama "vichwa vitano" amewatoa katika kundi la watu kwa muda. Mwanafunzi anapaswa kujua kwamba lugha inamruhusu kufanya hivyo, na kwamba aliyehesabiwa husikia.

Pingamizi

Tunajua wapo wenzetu watakaosema kwamba mwalimu mpya, ambaye mwenyewe alijifunza Kiswahili ukubwani, hana nafasi ya kufafanua matabaka ya Kibantu na Kiarabu. Kwamba mtihani unataka "tisa". Na kwamba kuruhusu "kenda" ni kufungua mlango usiofungika. Hoja ya mtihani tunaikubali, ndiyo maana tumesema mwanafunzi aambiwe wazi kinachotakiwa kuandikwa. Hoja ya mlango hatuikubali. Mlango huo ulikuwa wazi kabla yetu, na waliopita humo ni wasemaji wa Kiswahili. Ama mwalimu mpya, yeye ndiye anayehitaji zaidi sababu za kanuni, maana asiyezijua hulazimika kukariri, na mwenye kukariri hana jibu mwanafunzi anapouliza kwa nini.

Hitimisho

Kwa muhtasari, tunapendekeza mambo manne. Kwanza, somo la idadi lisifundishwe bila vitu. Kila nambari itajwe na nomino au kipimo chake. Pili, nambari zitolewe katika mafungu mawili tangu siku ya kwanza, zinazopatana na zisizopatana. Tatu, idadi kubwa na neno "laki" ziingizwe katika ratiba, hasa Uganda. Nne, tofauti za eneo ziandikwe pembeni mwa daftari kwa jina lake, zisizikwe chini ya wino mwekundu.

Mwanafunzi aliyetoka Ariwara akasema "kenda" amekaribia kumi kuliko tunavyodhani. Imebaki moja, nayo iko mikononi mwa mwalimu.